Magoti ya Themelina

Themelina wa Mikes hupanda mlima kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Wageni kutoka Uholanzi na Ujerumani, wenye viatu vya bei na fimbo mbili mbili, humfuata wakihema kwenye njia ya mawe ya kutoka Pothia hadi Vathi, naye huwasubiri kileleni akichuma majani ya chai ya mlimani. Mchana huwateremsha pwani, na hapo kazi yake ilikuwa inakoma. Wageni walivaa mitungi ya hewa wakazama, yeye akakunja sketi akaingia majini hadi magotini, akasimama papo hapo akiwalindia miwani na saa zao.

Kwa hiyo kisiwa chetu kizima cha Kalimnos, huku Ugiriki, kilimwita Themelina wa Magoti.

Mimi huendesha mashua inayowapeleka wageni Telendos, kisiwa cha jirani, na nyumba yetu na yao zina ukuta mmoja, kwa hiyo sababu naijua. Baba yake alikuwa mzamiaji wa sifongo, zile za kuogea zinazoota chini ya bahari. Siku moja, katika pwani ya Libya, Mikes alikuwa chini amevaa kofia ya shaba ya kuzamia, na nahodha akataka mwingine aivae ashuke kabla jua halijatua. Wakaivuta kamba upesi upesi. "Walinitoa kama ndoo ya kisimani," Mikes husema. Alifika juu anacheka. Kabla chakula cha jioni hakijaiva, miguu ilikuwa imekufa, kama inavyowapata wazamiaji wanaopandishwa bila kusubiri. Baadaye ilirudi nusu, naye akaanza kutembea kwa mkongojo. Themelina alipozaliwa aliikuta sheria ya nyumba ile: bahari mwisho magotini.

Katika sherehe zetu kuna ngoma ya wazamiaji. Anayeongoza hushika mkongojo, na muziki ukifika mahali fulani miguu yake hutetemeka kama ya mtu aliyepigwa na bahari. Vijana huigiza. Mikes hakuwa na haja ya kuigiza, na kila mara walimwachia nafasi ya mbele.

Themelina alitii hadi akawa na wajukuu. Kisha Septemba moja mgeni wake wa kila mwaka, Marijke, mama mrefu wa Kiholanzi, alitoka majini akatema maji, akasema, "Themelina, kule chini kuna mtungi wa udongo wa kale. Pweza amehamia ndani. Amepanga vijiwe mlangoni kama wewe unavyopanga maua yako!"

Themelina alimwuliza maswali njia nzima ya kurudi. Vijiwe vya rangi gani? Mwanga unafika? Kuna baridi?

Majira ya kuchipua, kabla wageni hawajaja, alikwenda kwa Kalotina, mtoto wa binamu yake, anayefundisha kuzamia.

"Shangazi, una uzito gani? Nataka kukupimia vipande vya risasi vya mkanda, vya kukuzamisha."

"Andika wowote. Siolewi."

Alijifunza mchana, baba yake akiwa amelala. Lakini kisiwa hiki hakiwezi kuficha hata mafua. Mzee Sakellaris alisimama mlangoni mwa mkahawa akapaza sauti, "Mikes! Binti yako amevuka magoti!"

Jioni ile nilisikia yote kupitia ukutani.

"Ukiendelea kushuka kule," Mikes alisema, "usiniletee tena chakula."

"Utakula nini, baba?"

"Nitakula mkongojo."

"Basi nitautia chumvi." Kisha sauti yake ikabadilika. "Maisha yako yote umetuchezea ngoma ya mahali pale. Hujawahi kuniambia palivyo. Nataka kupaona."

Tangu mkewe afariki, Mikes hakuwahi kula chakula kisichopikwa na Themelina, na kesho yake sahani ilirudi na majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, hata moja halijaguswa. Na keshokutwa yake. Mama huyu aliyekuwa akiuchapa mlima kama mbuzi alianza kutembea polepole. Kiangazi kizima mzee aliishi kwa mkate na zeituni za kujinunulia. Nilidhani Themelina angeacha.

Hakuacha. Septemba ilipofika, Marijke na mumewe walikuwa wameketi mashuani mwangu, Kalotina anakagua mitungi, Themelina amebanwa ndani ya nguo ya mpira, ndipo tukamwona Mikes anakuja gatini. Alivaa koti la kanisani.

"Nomikos, nipandishe," aliniambia.

Tulipotia nanga akatoa kamba yake mwenyewe. "Afungwe kiunoni. Nitaishika mimi."

"Babu, itanasa kwenye miamba," Kalotina alisema. "Lakini tazama. Nitaining'iniza na jiwe, mita tano chini ya mashua. Wakirudi, wataishika hapo wasubiri kabla ya kupanda. Wewe shika huku juu."

"Wasubiri nini?"

"Wasubiri damu itulie, babu, wasipooze miguu. Ndiyo dawa."

Mzee aliiviringisha kamba mkononi. Wakazama.

Nilitazama mapovu. Mikes hakutazama kitu. Alikuwa akisikiliza kwa vidole tu. Baada ya muda mrefu mkono wake ukashtuka. "Ni yeye. Ameshika." Akavuta mara tatu, kwa nguvu, kama walivyokuwa wakimvuta yeye: panda!

Kamba ikatulia. Kisha ikavutwa kutoka chini, mara moja, taratibu.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Anasema bado." Akavuta tena mara tatu, jasho likimtoka. "Panda, mwanangu, panda!"

Mara moja. Bado.

"Ananikatalia!" alifoka. "Mimi ndiye mwenye kamba!"

"Hata nahodha wako ndiye aliyekuwa na kamba," nilisema, nikajuta hapohapo.

Alinikazia macho. Kisha vidole vyake vikalegea polepole. Akaivuta kamba mara moja tu, kwa upole, na chini wakamjibu hivyohivyo. Wakaendelea namna ile, mzee na bintiye, hadi kichwa cha Themelina kikatokea kando ya ngazi.

Alipanda mwenyewe, na mtungi mgongoni. Baba yake akainama, akamshika magoti yote mawili, akayabonyeza kama anunuaye matikiti.

"Mazima," alisema. "Una chakula hapa? Nina njaa."

Alikula mkate mkavu wa shayiri kwa nyanya na jibini hadi bakuli likabaki mafuta, huku Themelina akimsimulia habari za pweza na mlango wake.

Sikukuu ya Msalaba, mbele ya kanisa, wapiga muziki walimwita Mikes aongoze. Alisimama, akauweka mkongojo mikononi mwa bintiye, akaketi. Minong'ono ikazagaa: mwanamke hajawahi kuushika mkongojo wa ngoma. Themelina akaingia mbele ya mstari. Muziki ukafika mahali pale, fidla ikalia, nasi tukangoja. Magoti yake hayakutikisika. Alipita wima, hatua kwa hatua, mkongojo ameuinua juu ya kichwa.

"Tetemeka basi, mama!" Mzee Sakellaris alipiga kelele.

"Kwa nini?" Themelina alijibu bila kukosa hatua. "Mimi nilisubiri!"

Mikes alipiga meza kwa viganja vyote viwili hadi glasi zikaanguka, na hakuna aliyejishughulisha kuziokota.