Vidole Viwili Chini ya Mkanda

Kaka yangu wanamwita Vidole Viwili. Jina hilo alipewa na mume wangu, ambaye hakuna jambo zito asilolitia mzaha. Mume wangu anaendesha gari la mashindano, na kaka ndiye aliyekuwa akilivuta uwanjani kwa pikapu, likiwa juu ya trela. Miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kumwona akiondoka ovyo.

Kwanza gari lilipanda pua mbele, ili injini ilemee upande wa pikapu. Halafu mikanda minne, mmoja kila pembe, halafu minyororo ya kuunga trela na pikapu, na taa. Mwisho alipitisha vidole viwili chini ya kila mkanda. Vikiingia, alikaza upya. Na tukifika kituo cha mafuta cha kwanza, kilomita chache tu kutoka nyumbani, alisimama akarudia yote.

"Gari likitikiswa linakaa vizuri kwenye springi zake," alikuwa akisema. "Likishakaa, mkanda unalegea."

"Shemeji, hata mtoto mgongoni hafungwi hivi!" mume wangu alimtania. Kaka hakucheka. Ni mtu mkavu, nami nampenda hivyo hivyo.

Jumamosi ile tulichelewa kwa sababu yangu. Nilipekua nyumba nzima nikitafuta fomu za usajili, kumbe nimezikalia. Mume wangu alikuwa ametangulia uwanjani na simu zake hazikatiki, maana usajili ulikuwa unafungwa saa nne. Tulipokaribia kituo cha mafuta kaka akawasha indiketa.

"Kaka, leo usisimame. Nakuomba."

"Dakika tano tu, mdogo wangu."

"Hatuna dakika tano! Umefunga mwenyewe, umekagua mwenyewe, sasa unaogopa nini?"

Najua kumbana, tangu utotoni najua. Akazima indiketa.

Tulipopanda mwinuko baada ya daraja nilisikia kishindo nyuma. Mikanda ya mbele ilikuwa imelegea, ndoano zimechomoka, gari limerudi nyuma na uzito wote umehamia mkiani. Kabla kaka hajapata pa kusimama tulikuwa tunateremka, na trela likaanza kuyumba. Hakukanyaga breki kwa pupa. Aliachia mafuta, akashika usukani bila kuupindisha, na polepole pikapu ikatulia. Lakini mkia wa trela ulikuwa umeshamkumba fundi cherehani aliyekuwa akisukuma baiskeli pembeni mwa barabara. Mguu wake ulivunjika mahali pawili, mguu uleule anaokanyagia cherehani.

Trafiki alipouliza, kaka alijibu, "Sikusimama kukagua. Kosa ni langu." Hakunitazama. Nami, Mungu anisamehe, nikajitia hamnazo, nikaanza kuokota fomu sakafuni.

Kaka akanyang'anywa leseni. Ndugu walipokutana kwetu, mume wangu alisema, "Miaka yote anatuchosha na vidole vyake, halafu siku moja tu anazembea!" Wakatikisa vichwa, na mimi nikawaongezea chai. Nilijichukia na birika langu mkononi.

Wiki ya tatu nilimfuata kwake. Nilimkuta uani akinyoosha gurudumu la baiskeli ya fundi.

"Kaka, nitawaambia ni mimi niliyekukataza."

"Usukani alishika nani?"

"Lakini mimi ndiye…"

"Wewe ulikuwa na haraka tu. Mimi nilikuwa najua." Akainamia gurudumu lake. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ningerudi nyumbani nikalala.

Jumamosi iliyopita gari lilifungwa na dereva mpya, mchangamfu, apigaye mluzi muda wote. Mimi nilikaa katikati, mume wangu dirishani. Kituo cha mafuta kikatokea, dereva hata hakukiangalia.

"Simama," nikasema.

"Kuna nini, mama?"

"Simama, nimesema!"

Mume wangu akatazama saa. "Na wewe umeanza? Tutachelewa!"

"Siku ile alitaka kusimama hapa. Mimi ndiye niliyemkataza."

Mluzi ukakatika. Mume wangu alinitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, kisha akafungua mlango akanipisha.

Nilikwenda nyuma, nikapitisha vidole viwili chini ya mkanda wa mbele. Viliingia mpaka kiganjani.