Maji Waliyochagua Ng'ombe

Maji ni maji? Nani kakudanganya? Wewe umekulia bomba, nyamaza nikwambie.

Kwetu, nje kidogo ya Bariadi, mahali pa kisima hachagui mtu, anachagua ng'ombe. Unaachia mifugo, unaangalia inalamba udongo wapi na inagoma kuondoka wapi. Hapo ndipo baba alipochimba. Ng'ombe wetu wakanenepa, majirani wakaona wivu. Sisi watoto meno yakaota ya kahawia, yana vishimo. Mimi yangu sikujali. Dada yangu mkubwa, huyo aliyenibeba mgongoni mpaka nikatembea, alikuwa anayasugua kwa majivu na unga wa tofali mpaka anatema damu.

Akapata mchumba. Ndugu zake wakaja kutoka Malampaka kumwona. Miaka hiyo biashara ya pamba ilikuwa imeachiwa huru, ananunua yeyote mwenye mizani, na hao walinunua mpaka wakajenga karibu na stesheni. Shangazi wa mchumba alikuja na maji yake ya chupa. Ya kwetu hakuyagusa. Dada akapiga magoti kumsalimia, mdomo kaubana.

"Mbona hucheki, mayu?" shangazi akamuuliza, akimwita mama kwa Kisukuma. "Au kwenu ni mwiko?"

Akaanza vituko. Alivijua, yule mama. Akamwigiza baba anavyofukuza ndama, akaigiza na ndama mwenyewe. Dada akajikaza weee, mwisho kicheko kikamtoka, mdomo wazi.

Shangazi akamgeukia mwenzake. "Umeona? Nilikwambia kuna kitu anaficha. Hayo si meno, ni kokoto za reli."

Wakacheka wote. Mchumba naye alicheka, kainamisha kichwa. Wali na kuku wakamaliza, wakaondoka, na hawakurudi tena. Dada akahamia jikoni. Mgeni akija, yeye hatoki.

Chupa waliiacha. Mimi shule niliishia la nne, kusoma nimejifunza mwenyewe kwenye makaratasi ya dawa za pamba, kwa hiyo chochote chenye maandishi nakisoma. Kwenye ile chupa kulikuwa na orodha: kalsiamu, magnesiamu, floraidi. Nikaipeleka kwa daktari wa zahanati.

"Haya ni madini," akasema. "Mwili unayataka, lakini kidogo sana. Hii floraidi kidogo inaimarisha meno. Ikizidi inayaharibu yakiwa bado ndani ya fizi. Visima vingi vya huku imezidi."

"Dada yangu akinywa ya chupa, yatatakata?"

"Ya kwake basi tena. Angalieni watoto wadogo."

Nikamwambia baba akifunge kisima. Akaniuliza kama mimi najua maji kuliko ng'ombe.

Nikaondoka nyumbani kwa hasira, nikapata kibarua duka moja pale pale Malampaka. Na mteja wangu wa maji akawa nani? Shangazi. Hakunitambua. Alikuwa na mjukuu wa miaka miwili, anajisifu kwa kila mtu kwamba mtoto huyo hanywi ila ya chupa.

Nikaanza kuokota chupa tupu. Nikienda nyumbani kwa baiskeli nazijaza kisimani kwetu, nafunga vizibo vizuri, zake naziweka pembeni. Miezi mingi nilifanya hivyo. Siku moja akaniambia, "Kijana, haya ya siku hizi mazuri. Madini unayasikia kabisa kwenye ulimi." Nikamwitikia, "Ndiyo, mama. Mpe mtoto anywe sana." Yule mtoto alikuwa ananishika kidole kila akija dukani. Nikamjazia tu.

Nikamwambia dada, nikijua atafurahi. Alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Mtoto alikucheka lini?"

Kesho yake akapanda gari la kwanza kwenda Malampaka. Alisimama mlangoni kwa shangazi, mbele ya majirani, akafungua mdomo wote kwa kidole. "Mama, niangalie vizuri. Mdogo wangu anamnywesha mjukuu wako maji yaliyonifanya hivi. Usimpe tena." Shangazi akamtukana kwanza, halafu akaanza kulia. Mimi nilipigwa na watu wa stesheni, kazi ikaisha hapo hapo. Kupigwa siyo shida.

Shida ni dada. Mpaka leo haniitiki salamu, na kila jambo nililofanya nilifanya kwa ajili yake. Wewe unayesema maji ni maji, angekuwa dada yako pale chini kapiga magoti, yule mtoto ungemwonea huruma?