Matofali ya Mama Mkwe

Mama mkwe alihamia kwetu Tinde asubuhi ile nyumba yake ilipokaa chini. Nasema ilikaa chini kwa sababu haikuanguka kwa kishindo. Mvua zile za mwishoni mwa miaka ya tisini zilinyesha bila kupumua, kuta za udongo zikalowa mpaka ndani, na kulipokucha paa la nyasi lilikuwa limeketi juu ya rundo la tope. Yeye alikuwa jikoni anakoka moto, ndiyo pona yake. Mke wangu akaenda kumchukua.

Sasa asiyejua mambo yetu atasema, kuna ubaya gani mama kukaa kwa binti yake? Ubaya ni mimi. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawaonani hovyohovyo. Nikikutana naye njiani, napinda porini kama mwizi wa mbuzi. Namwamkia kwa mbali, mwangaluka mayu, nimeinama, naye ananiitikia amegeukia pembeni. Hatuli pamoja, hatukai chumba kimoja, na neno langu kwake lazima lipitie kwa mke wangu. Na nyumba yangu ilikuwa na vyumba viwili tu.

Nilinung'unika, jamani, nilinung'unika! Sikuweza kutoka bafuni na taulo. Sikuweza kuvua shati kwenye joto. Nikitaka kucheka nacheka kwa kificho, nikitaka kugombana na mke wangu nagombana kwa kunong'ona, na ugomvi wa kunong'ona hauna raha hata kidogo. Kila siku nilimwambia mke wangu kwamba mimi ndiye mkimbizi humu ndani.

Mama mwenyewe alitaka jambo moja tu, kurudi kwake. Mume wake amezikwa pale uani, ndani ya ua wa minyaa, na yeye alikwisha sema kwamba akifia kwingine hatatusamehe. Lakini wanawe wa kiume walikuwa wamehamisha ng'ombe kwenda nchi ya juu, mbali na mafuriko, na wasingerudi mpaka kiangazi. Kazi ya kumjengea ikaniangukia mimi.

Bahati nzuri, au niseme bahati mbaya, wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufyatua matofali. Shirika moja lilikuwa limegawa mashine za mkono za kufyatulia matofali kwa vikundi, ili waliobomokewa wapate kujenga kwa gharama ndogo. Unachekecha udongo, unachanganya na saruji kidogo, unajaza kwenye mashine, unavuta mpini, tofali linatoka limeshindiliwa. Halichomwi. Linafunikwa nyasi na kumwagiliwa maji mpaka likomae. Shinyanga yetu miti ya kuchomea matofali ilishakuwa hadithi, kwa hiyo mashine ile ilikuwa mkombozi.

Wenzangu walinichagua kwa sababu nilitoka Geita. Nilikuwa nimechimba dhahabu kule miaka kadhaa, na nilichorudi nacho ni kikohozi na sururu, lakini maneno nilikuwa nayo ya kutosha. Mtaalamu wa shirika alipokuja kutufundisha kupima udongo, kwamba kwanza ufyatue machache, uyaache, uyalowanishe, uyaangalie, mimi nilisinzia. Mtu aliyeshinda ndani ya duara, shimo la dhahabu, pumzi yake yote ni vumbi la mwamba, akafundishwe udongo na bwana mwenye viatu vinavyong'aa? Nilimwonea huruma.

Basi tukaenda kwenye kiwanja cha mama mkwe kutafuta udongo. Kote ni mbuga, tope jeusi linalong'ang'ania jembe. Ndipo nikaona, ng'ambo ya korongo, shimo pana limekwisha kuchimbwa tayari, udongo wake mweupe-mweupe, laini, unamenyeka kwa vidole. Kingo zake zilikuwa zimesuguliwa vizuri kabisa. Nikawaambia wenzangu kwamba aliyechimba hapa alikuwa fundi, na mimi fundi mwenzangu namjua kwa kazi yake. Tukapakia mkokoteni.

Matofali yalitoka mazuri kuliko yote tuliyowahi kufyatua. Mke wangu akaja siku moja na swali kutoka kwa mama, kwamba udongo ule tunautoa wapi. Nikamjibu amwambie mama apumzike, haya mambo yana wataalamu wake. Hakuuliza tena. Angeniulizaje, na mimi ndiye mkwe?

Nyumba ikasimama, vyumba viwili na bati juu. Watu walitoka mpaka Segese kuja kuipapasa. Wengi walioangukiwa na nyumba waliagiza za kwao, na mimi nikaanza kutembea na rula mfukoni, ingawa sikuwa na cha kupima. Mama akahamia. Usiku ule nililala kifua wazi, nikakoroma kwa sauti ya mwenye nyumba.

Kiangazi kikaingia, mashemeji zangu wakarudi na ng'ombe. Nilikuwepo, nimekuja kupokea sifa. Kundi likaingia uani, dume moja likausogelea ukuta, likaunusa, likautia ulimi. Nikacheka. Likaja la pili. Kufikia jioni ng'ombe wote walikuwa wamejipanga kuizunguka nyumba, wanalamba, macho wameyafumba kwa utamu. Shemeji mkubwa akaniuliza taratibu udongo niliutoa wapi. Nilipomwonyesha ng'ambo ya korongo, alikaa chini. Lile shimo halikuchimbwa na fundi yeyote. Lilichimbwa na ndimi za ng'ombe wa babu zao, ndiko walikokuwa wakipelekwa kulamba chumvi.

Ulimi wa ng'ombe ni msasa. Tuliwafukuza mchana, wakarudi alfajiri. Tuliweka miiba, wakaipita. Haukupita muda mrefu ukuta wa upande wa machweo ukaingia ndani, na katikati pakatoboka tundu la kupitisha kichwa. Watani zangu wakaniuliza kama paa nalo nitaliezeka kwa majani mabichi. Waliokuwa wameagiza matofali wakasema wanasubiri kidogo, na wengine walisubiri ndani ya madarasa ya shule, na watoto wao. Hapo sikuona tena cha kuchekesha.

Nikapiga moyo konde, nikabeba sururu na kwenda na mke wangu. Nilisimama nje, nikamwagiza amwambie mama afungashe vitu vyake. Nitabomoa yote, nitafyatua upya kwa udongo mwingine, na yeye atarudi kwetu mpaka nimalize.

Mke wangu hakuwahi kuufikisha ujumbe. Sauti ikatoka ndani, kupitia lile tundu. Tangu nioe, mama yule hakuwahi kuniambia neno zaidi ya kuitikia salamu.

"Baba, usibomoe."

Nikainamisha kichwa. Sikujua hata nitazame wapi.

"Kwako sikulala," akasema. "Wala sikushiba. Nilikuwa nakula wewe ukishatoka. Na siku za mvua hukutoka."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Mimi nikazikumbuka siku za mvua. Zilikuwa karibu zote. Nilikuwa nimejilaza chumbani na redio, nalalamika kwamba nimebanwa, nadai chai nyingine, na ng'ambo ya ukuta mama wa watu amekaa na njaa akingoja mvua ikatike ili nitoke.

Niliweka sururu chini. Nikaenda zizini, nikakusanya samadi mbichi, nikaikanda na udongo wa kawaida kwa mikono yangu, maana mavi yake ng'ombe hayalambi. Nikaanza kulikandika tundu kwa nje. Mke wangu akapeleka beseni la pili ndani, na baada ya kitambo nikasikia viganja vya mama vikipigapiga upande wake, tukaendelea hivyo mpaka mwanga ukaacha kupita.