Wenye Hawana Kwao

Siku hizi ukisema unatoka huku Kitengela, watu wanakuuliza uko estate gani. Estate! Mimi nilizaliwa hapa kukiwa na shamba la maua, safu za nyumba za mabati za wafanyakazi tulizoziita laini, na senta ndogo yenye bucha, kinu cha posho na kanisa. Bila shamba hiyo senta haingekuwepo. King'ora cha asubuhi kikilia, hata mwenye bucha aliamka.

Baba alipiga maua dawa, mama alifunga waridi za kusafirishwa. Sisi ni Wakamba, na baba hakukubali kwamba laini ni kwetu. "Hapa ni kazini," alisema tukitaka kupanda hata sukuma mlangoni. "Kwetu ni Ukambani." Kila Desemba tuliambiwa mwaka huu lazima twende. Hatukwenda hata mara moja, na mimi mjinga nikaamini shida ni nauli.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tukasikia mwenye shamba anauza. Alasiri moja tukaitwa wote mbele ya stoo ya maua. Karani akapanda juu ya kreti, akasema shamba litakatwa ploti na laini zitabomolewa. Lakini tajiri ameacha kipande kando ya barabara, wagawiwe wale hawana pa kwenda. Wengine watapewa lori liwarudishe makwao.

"Haya, wenye hawana kwao wainue mkono," akasema.

Uuwi! Watu waliangalia viatu vyao. Ni mwanaume gani atainua mkono mbele ya wanaume wenzake, watoto wake wakimwona, aseme hana kwao? Jirani yetu, fundi wa pampu ya maji, mtu wa kutoka magharibi, ndiye aliyeinua wa kwanza. Baba akacheka kwa sauti. "Mzee mzima! Kwani wewe ulianguka kutoka mbinguni?" Watu wakacheka naye. Mama akamvuta shati kwa nyuma, akamwambia polepole, "Baba watoto, inua. Tafadhali inua." Nilikuwa kando yao, nikasikia. Baba akaingiza mikono yote miwili mfukoni.

Lori lilitushusha Ukambani kwa kaka yake, pamoja na kitanda, sufuria na kuku wetu. Hatukupewa hata kiti. "Hapa uliacha nini?" kaka yake akamwuliza. Ndipo nikajua kwamba shamba la babu liligawanywa zamani baba akiwa kazini, na fungu lake wakalichukua ndugu zake. Alijua. Mama alijua. Nilimkasirikia baba hata kumpa maji ya kunywa nikashindwa.

Tukarudi Kitengela, tukapanga chumba. Miaka ya elfu mbili mji ukakua mbio. Palipokuwa na waridi pakatokea kuta, mageti na nyumba za vigae vyekundu. Wamasai waliozoea kupitisha ng'ombe hapo wakaanza kuzunguka mbali. Baba akapata kazi ya usoja, kulinda geti la estate moja, na geti lenyewe, niambie kama hiyo si dharau, lilisimama pale pale laini yetu ilipokuwa. Mtu anayemjua akipita na kumsalimu, anamwambia, "Niko hapa kidogo tu, karibu niende nyumbani." Nilitamani kumtikisa.

Kifua ndicho kilichomwua. Kaka yake akakataa katakata asizikwe huko. Maiti iko mochari, na mama ameketi kitandani anarudia, "Nitampeleka wapi huyu mtu? Nitampeleka wapi?" Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa uchungu.

Aliyetuokoa ni yule fundi wa pampu. Kipande alichopewa sasa kilikuwa katikati ya maghorofa, na bado alikuwa amepanda mahindi.

"Mleteni kwangu," akasema. "Alinicheka, ni sawa. Lakini tulikuwa majirani."

Akachimba kaburi yeye mwenyewe, kando ya ua wake. Baadaye naye akafa, akazikwa ubavuni mwa baba. Mama alikuwa akienda kupalilia makaburi yote mawili.

Halafu mwanawe fundi akatuita. Alituchemshia chai, akatuheshimu sana, mpaka nikajua kuna jambo.

"Mama, nimeuza. Watu wa flati wanataka ploti tupu. Mzee wangu nitamhamishia shamba nililonunua kule Rombo." Akakuna kichwa. "Sasa huyu wetu mwingine, muko na mahali pa kumpeleka?"

Nikafungua mdomo. Na maneno yaliyonijia, Mungu wangu, yalikuwa ya baba: tutampeleka nyumbani. Nilikuwa karibu kuyasema.

Mama akaweka kikombe chini. Akainua mkono, akaunyoosha juu kabisa, akaushikilia hivyo hivyo, na karani hakuwepo wa kuuona.