Mguu wa Mtu Asiyelalamika

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa muuguzi anayewachosha wenzake. Nilimpima mgonjwa homa, nikafika mlangoni, nikarudi kumpima tena. Nilifunga dripu, kisha nikainuka kwenye kiti kwenda kuona kama kweli nimeifunga. "Huyu atawapima mpaka wapone kwa kuchoka," walisema wakubwa wangu, nami nilicheka pamoja nao, kisha nikabaki nikijiuliza walichomaanisha.

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, upande wa Migori, na daktari wa upasuaji alikuwa mmoja tu. Asubuhi ninayoikumbuka alikuwa ameondoka mapema kwenda mkutanoni Homa Bay. Katika wodi ya wanaume alituachia kijana wa Kikuria aliyeletwa mchana uliotangulia. Mkokoteni wa ng'ombe uliojaa tumbaku ulikuwa umempindukia ukamvunja mfupa wa muundi. Ngozi haikupasuka. Daktari aliunyoosha mguu, akaufunga plasta kutoka pajani hadi karibu na vidole.

Wenzangu wa zamu iliyotangulia walinikabidhi mgonjwa huyo kwa maneno machache: hana maumivu, hajaomba dawa.

Maneno hayo yalinikaa vibaya. Mtu aliyevunjika muundi jana, leo anaumwa. Nikajiambia labda sindano aliyochomwa kabla ya kufungwa bado inafanya kazi. Nikajiambia labda ni mtu mgumu tu. Nikajiambia niache kujiambia mambo, nikaenda kitandani kwake.

Alikuwa amelala akitazama dari, mguu umeinuliwa juu ya mito miwili. Kando yake alikaa baba yake mdogo, koti lake likinuka tumbaku.

"Umeamkaje? Mguu unauma?"

"Hapana, sista."

"Hata kidogo?"

Baba mdogo ndiye aliyejibu. "Binti yangu, huyu ametahiriwa Desemba iliyopita. Alisimama, hakupepesa jicho. Sasa unamuuliza aje mambo ya kuuma mbele ya watu?"

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mvuvi kutoka Sori, mkono umeshonwa. "Omera," akamwita kijana, kama Wajaluo wanavyomwita rafiki, "mimi nikichomwa na mwiba wa samaki, ngege tu, mke wangu ananisikia akiwa nyumbani. Wewe ni jiwe kabisa."

Wodi ikacheka. Kijana naye akatabasamu, lakini alichelewa, na juu ya mdomo wake niliona jasho. Ilikuwa asubuhi ya mvua. Mimi nilikuwa nimevaa sweta.

Chuoni tulifundishwa kwamba misuli ya chini ya goti imefungwa ndani ya mifuko ya utando mgumu usiotanuka. Misuli ikivimba, na plasta ikiibana kwa nje, damu hushindwa kuingia, na nyama huanza kufa ndani ya mguu ambao kwa macho ni mzima. Hilo halichukui siku, ni saa chache tu. Ishara ya kwanza ni maumivu makali kuliko jeraha lenyewe, hasa vidole vinaponyooshwa. Ganzi hufuata. Mguu kuwa baridi na mweupe huja mwisho, na anayengoja mwisho huo huwa amechelewa. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama zote. Lakini swali la mtihani halikuwa na mgonjwa aliyelelewa kuificha ishara ya kwanza.

Nilibonyeza ukucha wa kidole gumba, nikaachia. Wekundu ulirudi polepole. Au niliuona polepole kwa sababu niliogopa? Nikabonyeza ukucha wa mguu mzima. Nikabonyeza wangu. Mvuvi akaniuliza kama nami ni mgonjwa.

Nikaamua kutouliza tena habari ya kuuma. Niliinama miguuni, nikakishika kidole gumba na kukivuta taratibu kuelekea juu. Nilimtazama usoni. Uso haukubadilika hata kidogo. Mkono wake ndio uliokamata chuma cha kitanda kwa nguvu, hadi kitanda kikatetemeka na kikombe kwenye kabati la pembeni kikalia.

"Fumba macho," nikamwambia. "Nitakugusa na pamba. Nikigusa, sema."

Nilimgusa kati ya kidole gumba na kinachofuata. Akanyamaza. Nikagusa tena, nikazungusha pamba pale pale.

"Bado," akasema kwa adabu, akiendelea kungoja.

Niliondoa mito yote miwili, nikaushusha mguu ukawa sawa na moyo wake. Msimamizi wa wodi, mama wa makamo aliyekuwa akipita na sinia la dawa, akasimama.

"Nyathina, mguu umevimba unauondolea mito?"

Aliniita nyathina, mtoto wangu, aliponipenda na aliponikasirikia pia.

"Damu inapanda kwa shida, Sista. Tukiuinua tunaizuia zaidi. Hasikii nikimgusa kati ya vidole. Nataka kufungua plasta."

"Plasta ya daktari?"

"Ndiyo."

"Mfupa ukiteleza, mguu utaunga ukiwa umepinda. Hapo daktari atakuuliza wewe, na mimi pia. Mpigie simu kwanza."

Nilikimbilia ofisini. Huko Homa Bay simu ilipokewa na karani aliyekuwa akitafuna kitu.

"Daktari yuko mkutanoni. Piga baada ya chai."

"Ni jambo la haraka. Ni mguu."

"Mguu wa nani?"

"Wa mgonjwa! Muite, tafadhali."

"Nimesema baada ya chai, madam. Nikimtoa sasa atanigombeza." Akakata.

Nikarudi wodini. Njiani nilikuwa na mawazo mawili na yote mawili yalikuwa na mguu wa mtu ndani yake. Nikifungua bila sababu, naharibu kazi nzuri ya daktari na kijana anachechemea maisha yake yote. Nikingoja chai iishe, huenda atakatwa. Mfupa uliopinda unaweza kunyooshwa upya. Nilirudia sentensi hiyo ya mwisho kichwani, nikaitafutia kosa, sikulipata.

Msimamizi alikuwa kando ya kitanda, naye akibonyeza kucha.

"Una uhakika?" akaniuliza.

"Sina, Sista."

Akaguna. "Mimi pia sina." Akatoa ufunguo wa chumba cha plasta mfukoni akanipa. "Kata pande zote mbili. Mimi nitaushika mguu ili usisogee."

Mkasi wa plasta ulikuwa mzito na ulihitaji nguvu za mikono yote miwili. Baba mdogo alisimama. "Mnafanya nini? Kwani umeshapona?" Nilianza kumweleza, nikatafuta maneno ya utando na shinikizo, nikababaika.

"Sista," kijana akasema kwa sauti ndogo, bado akitazama dari. "Kata haraka."

Baba mdogo alimtazama. Kisha akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo.

Nilikata plasta, halafu pamba ya ndani, yote, hadi nikaiona ngozi, kwa maana hata uzi mmoja wa pamba iliyokauka unaweza kubana. Msimamizi hakuuachia mguu hata mikono yake ilipoanza kutetemeka. Tulipotenganisha vipande, ngozi ilikuwa inang'aa, imetanuka, na nilipoigusa ilikuwa ngumu kama ubao. Kijana alitoa pumzi ndefu. Niligusa kati ya vidole.

"Bado," akasema.

Nilipiga simu tena. Safari hii nilimwambia karani kwamba mguu unakufa na nitamtaja yeye. Daktari akaja kwenye simu.

"Umefungua plasta?"

"Ndiyo, daktari. Hadi kwenye ngozi."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna."

Nilisikia vikombe nyuma yake.

"Asile wala asinywe. Mwekee dripu, mtayarishe kwa upasuaji, ndugu yake atie sahihi. Nakuja."

Kutoka Homa Bay, kupitia Rongo, barabara ile wakati wa mvua haikumhurumia mtu. Nilimwekea dripu, nikamvua shati, nikarudi kwenye vidole. Baba mdogo alipoletewa karatasi aliishika bila kuitazama.

"Watakata mguu?"

"Watapasua ngozi na ule utando ili nyama ipumue. Kama nyama bado ina uhai, mguu utabaki."

"Ina uhai?"

"Sijui, baba. Hilo wataliona ndani."

Akatia sahihi. Nilitamani anitukane.

Daktari aliingia viatu vimejaa tope, akagusa mguu mara moja tu, akasema, "Twende." Niliruhusiwa kuingia kuelekeza taa. Alipopasua, nyama ilisukumana kutoka kwenye mpasuo kana kwamba ilikuwa imengojea nafasi. Ilikuwa nyeusi-nyekundu. Akaibana kwa koleo ndogo, kwa maana nyama yenye uhai huruka ikibanwa. Haikusogea. Akasubiri, akaibana mahali pengine. Haikusogea. Niliinama kuangalia, taa ikahama kwenye mpasuo.

"Shika taa," akasema.

Akaibana chini zaidi. Nyama ikaruka. Akabana pembeni, ikaruka tena, na kidole gumba kikajikunja chenyewe chini ya shuka. Palipokuwa pa kijivu alipakata akapatupa kwenye bakuli. Pakubwa zaidi paliachwa, na kabla hajafunika jeraha kwa shashi nyama hiyo ilikuwa imeanza kurudia wekundu wake mbele ya macho yetu.

"Unabaki," akasema. Kisha, bila kuniangalia: "Mfupa nitaunyoosha upya. Umesogea."

Baba mdogo alikuwa amesimama nje ya mlango, kofia mkononi. Nilimwambia mguu umebaki. Nikamwambia pia kwamba kidonda kitakuwa kikubwa, kitachukua wiki nyingi, na kuhusu kutembea tutajua baadaye.

Aliitikia kwa kichwa muda mrefu, akikubali kila kitu. Niligeuka kurudi ndani akanishika mkono wa sweta.

"Akiamka, mpeni dawa ya maumivu," akasema. "Msimuulize. Mpeni tu."