Redio Yangu, Sabufa ya Binti na Magunia ya Maharage

Redio yangu niliitengeneza mwenyewe na sioni haya kulisema. Sanduku lake ni mbao za mti wa mkulo, zilizotoka kwenye kitanda cha marehemu mama yangu. Spika niliing'oa kwenye basi dogo lililopinduka kwenye kona za chini ya Soni, kwa ruhusa ya mwenyewe, asije mtu akasema nimeiba. Mashine ya ndani, ile inayosoma memori kadi, niliipata gulioni Lukozi kwa mchuuzi aliyeitandaza chini pamoja na vijiko na nyembe. Darasa la tatu sikulimaliza. Kuunga waya nilijifunza kwa kurushwa na umeme.

Wenye vyombo vya bei kubwa wakija kwangu huitazama kwanza, wakacheka. Nawaambia wafumbe macho. Spika hainunuliwi ili itazamwe, ingekuwa hivyo ningenunua kalenda.

Lakini mwenye redio hasa ni mke wangu. Anaimba kwaya kanisani, sauti ya pili, tangu hajaolewa. Dada yake ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Zamani alipita mgeni mwenye kinasa sauti, akaichukua kwaya yao kwenye kaseti, na haukupita muda dada akafariki. Hakuacha picha hata moja. Sauti yake imebaki kwenye kaseti ile tu, na kaseti ilipoanza kukwama niliipeleka Lushoto mjini wakaihamishia kwenye memori kadi.

Alasiri mke wangu hukaa na ungo wake, anachagua maharage, na nyimbo zinapiga. Kuna wimbo mmoja ambao kabla ya ubeti wa mwisho dada anavuta pumzi. Inasikika vizuri, kama mtu anayetaka kupuliza moto. Hapo mikono ya mke wangu husimama juu ya ungo. Dada akishaingia na ubeti, mikono inaendelea. Nimemwona akifanya hivyo miaka mingi na sikuwahi kumuuliza.

Basi binti yetu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Tanga, akasema nyumba ya udongo imetosha. Nyumba ile niliikandika kwa mikono yangu wakati nabeba kabichi kichwani, sijawa na shamba wala gari. Lakini ilikuwa imeshapasuka ukuta wa upande wa mlima, na mimi si mtu wa kushindana na ukuta. Tukaibomoa. Ikasimama ya tofali za saruji, madirisha ya vioo vikubwa, dari ya jipsamu, na chini marumaru nyeupe zinazoteleza kama utelezi wa masika. Ya watu wakubwa kabisa. Nashukuru, sisemi sikushukuru.

Sasa, sisi huku mavuno ya maharage hukaa sebuleni. Gunia linapangwa ukutani, jingine juu yake, mgeni anaegemea hapo hapo. Unangoja bei ipande, na mali yako unaiona. Binti alipoona naanza kuyaingiza magunia kwenye sebule yake mpya alinisimamisha mlangoni. Alianza kwa Kiswahili cha upole, akaishia Kishambaa, ambayo ndiyo lugha yetu ya kukosana.

"Baba, kwenye marumaru haiwekwi gunia. Watu watasema tumejenga ghala."

Nikayapeleka ghalani, nyuma ya jiko. Redio nikaiweka juu ya meza ya kioo. Alasiri mke wangu akaketi na ungo, nikawasha.

Sauti ilitoka, lakini imevurugika. Maneno yalikuwa yanakimbizana ukutani na kurudi, moja halijaisha jingine limelikanyaga. Nikapunguza, ikawa ndogo na bado imevurugika. Nikaongeza, ikawa kama watu wanaogombana ndani ya pipa. Wimbo ule ulipofika pale pa dada, mke wangu mikono yake haikusimama. Ubeti ukaanza, yeye anachagua tu maharage. Kisha akainua uso.

"Alishapita?"

Nikasema alishapita. Akarudi kwenye ungo wake.

Kwa siku kadhaa nilibadilisha waya, nikafungua sanduku, nikapangusa spika kwa kitambaa. Hakuna kitu. Mimi mwenyewe pumzi ile niliisikia kwa kubahatisha, lakini mimi sikuwahi kuitegea kama yeye. Yeye hakuilaumu redio hata mara moja. Alilaumu masikio. Akaanza kusema hata kanisani hasikii sauti ya kwanza vizuri, jambo ambalo hakuwahi kulisema kabla ya hapo. Tulikwenda hospitali, daktari akamtoa nta, akasema masikio ni ya umri wake na bado yanafanya kazi. Njiani kurudi akaniambia daktari yule amelelewa vizuri, anajua kumdanganya mtu mzima kwa heshima.

Nikampigia binti simu. Akacheka, akasema ugonjwa anaujua, ni lile sanduku langu lenye spika ya basi. Mwisho wa mwezi akaja na gari. Alishuka, akatupa shikamoo zetu kwanza, kisha akashusha boksi ambalo halikuingia mlangoni mpaka likalazwa ubavu. Sabufa, na spika ndefu mbili zinazosimama zenyewe kama walinzi. Bei hakuitaja na mimi sikuiuliza, lakini alivyokuwa akizishika zile nyaya niliielewa.

"Baba, sauti nzuri ni pesa," akasema.

"Pesa ni pesa. Washa tusikie."

Akawasha. Vioo vya madirisha vikaitika. Dude lilinguruma kama lori la kabichi linalopandisha kona, na kwaya nzima ikawa inaimba kutoka shimoni. Binti akabonyezabonyeza rimoti, akatoa besi, akaongeza sauti nyembamba, na kusema kweli ikawa safi kuliko yangu, kidogo. Pale pa dada palipofika nilimtazama mke wangu mikononi. Mikono iliendelea.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Maana redio yangu ikishindwa, mtu anaweza kusema ni ya bei poa. Chombo cha thamani kikishindwa, utasema nini? Mke wangu alimshukuru binti sana, akamwita mwanangu, akamwombea baraka. Binti alipoondoka, mama yake alilitoa joho lake la kwaya, akalifua, akalipiga pasi na kulikunja juu ya kiti. Akasema Jumapili atalirudisha kwa mwalimu wa kwaya. Mtu asiyesikia wenzake anawapoteza njia, na yeye hataki kuondolewa, bora aondoke mwenyewe.

Nikamwambia angoje kidogo. Akaniuliza angoje nini, masikio huota tena kama kabichi?

Katikati ya wiki ile mvua ilinyesha kwa upepo, na paa la ghala likaachia bati upande mmoja. Maharage yakilowa yameisha, hilo halina mjadala wala marumaru. Niliita majirani, tukayabeba magunia yote hadi sebuleni. Tuliyapanga kwa haraka, ukuta wa kulia mpaka usawa wa dirisha, na ukuta wa nyuma hivyo hivyo. Mahindi ya kwenye magunzi tukayamwaga pembeni juu ya turubai. Mablanketi yaliyolowa tukayatundika mbele ya vioo. Sebule ya binti ikawa ghala kweli kama alivyoogopa.

Alasiri mvua ikakatika. Mke wangu akavuta ungo kwa mazoea tu, mimi nikawasha redio yangu kwa mazoea tu. Yangu, kwa sababu rimoti ya lile dude sikuwa nimeielewa.

Wimbo ulipoanza niliona kitu kimebadilika. Maneno yalitoka na kukaa mahali pake. Yalikuwa hayarudi. Ukafika ule wimbo. Dada akavuta pumzi, na mikono ya mke wangu ikasimama juu ya ungo.

Dada aliingia na ubeti, ukaisha, na mikono ilikuwa bado imesimama.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Tukausikiliza mpaka giza likaingia na hakuna aliyekumbuka kuweka chakula jikoni.

Binti alisikia habari za magunia kutoka kwa majirani, akapanda gari la kwanza kutoka Tanga. Aliingia na mkoba begani, akaona sebule, akafungua mdomo. Shikamoo yenyewe haijatoka. Mama yake alimwinulia mkono.

"Nyamaza. Mama yako mkubwa anavuta pumzi."

Binti akakaa juu ya gunia.

Baadaye tulifanya majaribio, maana mimi si mtu wa kujisifia bila ushahidi. Mke wangu alikaa ametupa mgongo na ungo wake, binti akawa anawasha mara yangu mara yake. Kwa kwaya, mama mtu alikosea mara ya kwanza, ya binti akaiita yangu. Mara ya pili alipata. Mara ya tatu alisema tuache kumchosha, dada ni yule yule. Kisha binti akaweka muziki wake wa vijana, wenye ngoma nzito, na hapo yangu ilitikisika kama debe tupu. Ya binti ni nzuri zaidi kwa ngoma, sibishi. Lakini kwa sauti ya mtu anayeimba, sanduku la kitanda cha mama yangu halijaachwa mbali. Na zote mbili, ukiziweka kwenye chumba kitupu cha marumaru, hazifai hata kutangazia mnada. Tulinunua sauti na kufukuza magunia yanayomeza mwangwi.

Joho lilirudi kwenye msumari wake kabla ya Jumapili. Ghala nimeliezeka upya, bati zuri, lakini magunia yamebaki sebuleni. Binti ameyashonea mifuniko ya kitambaa ili wageni wasiseme, na wageni wanasema.

Bei ilipopanda, wanunuzi walikuja na mizani yao wakayaona, wakadhani nayaficha. Maharage hayakai milele, wadudu nao wanakula, kwa hiyo nauza kama kila mtu. Ila kila gunia linapotoka, jingine la mavuno mapya lazima liwe limeshafika mlangoni, na mke wangu ndiye anayesimamia hapo. Mnunuzi mmoja mwenye haraka aliambiwa asubiri nje mpaka wimbo uishe, na akasubiri.