Gari Lililojaa Kwenye Chaja ya Ruiru

Nakumbuka tulivyokuwa siku ile kwenye chaja ya Ruiru: mimi, mdogo wangu Njeri, ambaye wazazi wetu walipofariki niliacha shule ili nimlee, Wairimu, dereva wa teksi ya umeme kama yangu, na bwana mmoja wa miwani ya jua, mwenye gari jeupe.

Njeri husafishwa damu kwenye kliniki iliyo karibu na hapo. Mwanangu, wewe unayeanza kuendesha teksi ya umeme, mpango wangu ni huu: akiwa kwa mashine, nami nachaji pale pa bei nafuu, kisha namrudisha nyumbani Thika. Chaja ya haraka iko kwenye maduka makubwa, ni ghali, na maegesho unalipia.

Hii ya bei nafuu ni ya polepole, na ina nyaya mbili. Mmoja ulikuwa wa Wairimu. Wa pili ulikuwa kwa gari jeupe, taa ikionyesha limejaa, na kwenye kioo karatasi: "Narudi sasa hivi." Nikaiamini. Nikangoja mpaka Njeri akamaliza matibabu, akaja taratibu, midomo imekauka, akaketi kwenye jiwe. Betri yangu haingetufikisha hata Juja, katikati ya njia.

Bwana akatokea, ananukia mafuta ya kinyozi.

"Bosi, gari lako limejaa kitambo," nikamwambia.

"Kwani si nimelipa? Nimekujia simu tu. Wacha nimalize chai."

Wairimu akamkazia macho. "Umelipia stima, baba. Hujanunua ploti hii."

Yule akacheka, akaenda zake, gari akaliacha kwenye waya. Wairimu akachomoa waya wake kabla gari lake halijajaa. "Mzee, weka yako. Mgonjwa asikae kwa jua." Jioni hiyo hakubeba wateja wa Nairobi, maana betri yake haingefika.

Nikiwa kijana Makongeni, tulichota maji kwenye mfereji mmoja, bomba la mtaa mzima. Mtungi ukijaa na mwenyewe hayupo, aliye nyuma aliuweka kando bila kumwaga tone. Hatukuandikiwa sheria. Leo mtu ana gari la mamilioni, na hajui alichojua mtoto mwenye debe!

Basi sikiliza. Ukichagua chaja, usiulize bei ya stima peke yake. Uliza utangoja kiasi gani, na nani ataumia ukingoja. Siku una mgonjwa, lipa ile ghali uende. Na gari likijaa, toka. Toka! Mungu akulinde barabarani, akukutanishe na kina Wairimu.

Zamu ya Wairimu bado ni deni langu. Kila nikichaji Ruiru natazama foleni, nione kama gari lake limo, nichomoe langu.